Vipande Vilivyopangwa kwa Kimo

Mwalimu alistaafu, ila yeye mwenyewe hakuarifiwa. Miaka sita baada ya kuweka chaki chini, bado alisahihisha mabango ya maduka, na bado alimsubiri jirani amalize sentensi ili amwonyeshe alipokosea. Alifundisha fizikia miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo hakutengeneza hata kengele ya mlango. Ya nini? Umeme aliujua kwa majina yake yote.

Mkewe, aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya, masikio yalikuwa yameanza kumpa kisogo. Kila mwaka aliongeza sauti ya amplifaya kuukuu ya sebuleni aliyochezea kanda za kwaya yake, mpaka siku jirani wa kushoto alipobisha hodi, kwa adabu zote, kuomba apunguziwe. Mama wa watu aliona haya. Akaizima, akaifunika kitambaa, na kwa miezi miwili hakuigusa. Akaacha hata kuimba akiosha vyombo. Kimya hicho kilimuuma Mwalimu kupita kiasi, yeye ambaye miaka yote alikuwa bingwa wa kulalamikia kelele.

Dawa ilikuwa rahisi: kutoboa tundu la hedifoni kwenye amplifaya, mama asikilize kwa nguvu anazotaka, ukuta upumzike. Kazi ya waya tatu. Fundi yeyote angeimaliza kabla chai haijapoa. Lakini Mwalimu, aliyechora saketi ubaoni maelfu ya mara, ampelekee fundi? Thubutu! Mkewe alipokwenda kwa dada yake kwa siku tatu, alinunua chuma cha kulehemu, waya wa lehemu na kibomba cha kufyonza lehemu iliyoyeyuka, akaketi mezani.

Kwanza alikishika chuma kama chaki, karibu kabisa na ncha. Somo hilo alilielewa upesi.

Kidole kilipofungwa bandeji, akapata wazo. Alikuwa amesoma mahali kwamba vipande vya ndani huchoka kwa uzee. Kwa nini asiving'oe vyote na kuisafisha bodi nzima, kile kibao kinachovibeba? Akayeyusha, akafyonza, akang'oa. Lehemu iliyokaidi aliizidishia moto na kuikaripia, mpaka njia mbili za shaba zikabanduka kwenye bodi. Kufikia adhuhuri alikuwa ameng'oa vipande arobaini na vitatu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine angelifanya: akavipanga mezani kwa kimo, vifupi mbele, virefu nyuma, mistari imenyooka kama wanafunzi wa gwaride la asubuhi. Akasimama mbele ya gwaride hilo, mikono mgongoni, ameridhika. Ilimchukua dakika nzima kutambua kwamba hakujua hata kimoja kilitoka wapi.

Usiku huo hakula. Amplifaya haikuwa yake.

Asubuhi alitia vipande kwenye bahasha, akabeba na amplifaya, akaenda sokoni. Fundi wa kuaminika alikuwa mmoja tu, mwanamke mmoja mwenye kibanda nyuma ya maduka ya nguo, na Mwalimu alikuwa na sababu ya kumkwepa. Miaka ishirini iliyopita aliandika kwenye ripoti ya shule ya fundi huyo, wakati huo mwanafunzi wake, kwa wino mwekundu: "Anapoteza muda wake na wangu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nina kazi ndogo."

Fundi alitazama bodi tupu, kisha bahasha. "Vyote hivi umeving'oa wewe?"

"Nilivipanga vizuri."

"Ulivipangaje?"

"Kwa kimo."

Fundi aliweka bahasha chini taratibu, akaingia nyuma ya pazia, akacheka huko kwa muda uliostahili heshima ya mzee. Alitoka akifuta macho.

"Mke wangu anarudi kesho," Mwalimu alisema. "Hiyo ndiyo furaha yake. Tafadhali."

"Ninayo nyingine kama hii, imekufa, lakini vipande vyake havijahama. Utatazama pale, utaweka hapa. Wewe mwenyewe. Mimi sipotezi muda wangu, Mwalimu, wala wako."

Mwalimu akakaa kwenye kigoda. Alipewa bodi mbovu ya mazoezi na viungo ishirini vya kulehemu.

"Pasha kiungo, siyo lehemu. Kikipata moto, lehemu itakimbilia yenyewe."

Yeye akadondosha matone juu juu kama nta ya mshumaa. Fundi akavuta droo, akatoa kalamu nyekundu, akazungushia makosa. Alama tatu kwa ishirini.

"Hii lehemu ina kasoro," Mwalimu alisema.

"Mwanafunzi mvivu hulaumu kalamu. Rudia."

Maneno hayo aliyajua. Yalikuwa yake. Alirudia, akapata saba. Akarudia tena. Alipofika kumi na sita, shati likiwa limelowa, ndipo aliporuhusiwa kugusa amplifaya. Kipande kimoja kimoja kikarudi kwao. Njia zilizobanduka akaonyeshwa jinsi ya kuziruka kwa vijiwaya. Tundu la hedifoni, lile lililoanzisha yote, lilichukua dakika kumi.

"Ile ripoti..." alianza.

"Ninayo bado," fundi alisema. "Nikichoka huisoma, napata nguvu."

Mwalimu akabeba amplifaya ya mkewe.

Mkewe alirudi kesho yake jioni. Mwalimu alimvisha hedifoni, akaweka kanda. Uso wa mama haukubadilika. Mwalimu akaongeza sauti kidogo. Kisha sauti ya pili ikamtoka mkewe, kubwa kuliko chumba, maana hakuisikia sauti yake mwenyewe, na nje kidogo ya wimbo. Machozi yalimtiririka mama, na Mwalimu hakusahihisha kitu.

Wimbo ulipokwisha, mkewe aliinua sikio moja la hedifoni. "Umetengeneza wewe? Nani kakufundisha?"

"Mwalimu wangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Fundi wa sokoni. Mwalimu wangu."

"Sema kwa nguvu, baba, sikusikii!"

"MWALIMU WANGU!"

Jirani wa kushoto akagonga ukuta. Mwalimu akaugonga naye, mara mbili, na mkewe akaweka kanda nyingine.