Siri ya nyuma ya kanga nilimpa mume wangu

Admin, naomba jina langu libaki kwako, maana huku kwetu upande wa Mwera, Pangani, tunaosoma ukurasa huu ni wengi. Majina nitakayotaja si ya kweli.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitano, nimesoma hadi kidato cha nne. Nina miezi minne ndani ya ndoa na sijui niieleze vipi raha yake. Mume wangu ni fundi seremala. Kitanda tunacholalia alikichonga mwenyewe, na ubavuni kaandika herufi za majina yetu mawili. Kila asubuhi ananimiminia chai ya iliki kabla hajajimiminia yake. Akipanda baiskeli kwenda karakana namsindikiza kwa macho mpaka anapotelea kwenye minazi, moyo unanienda mbio kama vile bado hajanioa. Tuliahidiana tangu siku ya kwanza kwamba hatutafichana kitu. Ahadi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Tuna kikundi cha kujitolea, hatulipwi. Tunahamasisha watu wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, waulize maswali, wapige kura bila kumwogopa mtu. Mimi ni katibu. Kwa vile kina mama wengi wanaogopa kunyoosha mkono mbele ya waume zao, tuna kura yetu ya siri. Kila mtu anapewa kunde moja na punje moja ya hindi, anaingia nyuma ya kanga iliyotundikwa, anadondosha anayoitaka kwenye chungu na iliyobaki kwenye kikapu. Walinzi wa chungu ni wawili, wanakaa humo humo nyuma ya kanga, na wanaapa, mimi kwa Msahafu, mwenzangu Mama Anna kwa Biblia. Mtu akiingia tunageuza nyuso.

Mwezi uliopita tulipiga kura kama tuombe mkutano mkuu umbadilishe mwenyekiti wa kamati ya maji. Bwana huyo hukaa na ufunguo wa bomba mfukoni, akienda Pangani mjini anaondoka nao, kina mama wanashinda na ndoo tupu. Kunde abaki, hindi aondoke. Mkewe, nimwite Mwanahamisi, ni rafiki yangu tangu shule. Alipoingia, Mama Anna aligeuka. Mimi niligeuka nusu. Nikaona hindi likiingia chunguni.

Sikushangaa. Alishaniambia amechoka kugongewa mlango alfajiri na kutukanwa kwa ajili ya ufunguo asioushika yeye. Ningenyamaza, yangeishia pale pale.

Kesho yake tukinywa chai mume wangu akanitania, "Katibu, leo una kicheko cha peke yako. Kuna nini?" Nikamwambia. Nilimwambia huku nimemwegemea begani, nikijiona mke mwema asiyemficha mumewe jambo.

Siku ya tatu yule mwenyekiti wa maji alifika karakana kuulizia mlango wake aliouagiza. Akaanza kulalamika kwamba kura ile, ambayo hindi zilizidi kunde, imemwonea, ni wanawake wasio na kazi. Mume wangu ana utani na kila mtu. Akamwambia, "Bwana we, kabla hujalaumu wa nje kaulize jikoni kwako. Hindi moja limetoka kule." Watu wakacheka. Mwenyewe hakucheka. Akauliza, "Nani kakwambia?" Hapo mume wangu akaona ameniweka pabaya, akajibu haraka, "Mama Anna kasema."

Alinisimulia mwenyewe, jasho linamtoka. "Ningefanya nini, kipenzi? Ningekutaja wewe?" Sikumkasirikia. Nilimkumbatia. Nilimpenda zaidi siku ile kwa kuwa alinikinga. Nikikumbuka hilo natamani kufunika uso.

Siku hiyo hiyo Mwanahamisi alirudishwa kwao, mtoto mgongoni. Nilipompigia simu alilia sana, akasema, "Yule mama nilimwamini. Afadhali wewe shoga yangu nakujua, ungekata ulimi kwanza." Nikamjibu, "Pole."

Mama Anna ana zaidi ya miaka hamsini. Wazazi wake walikuja Tanga kukata mkonge, yeye kazaliwa huku huku, lakini sasa nasikia watu wakisema, "Si mtu wa kwetu yule, mlitegemea nini?" Ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi, akanifundisha kusimama mbele ya wanaume nikaongea bila kutetemeka. Kwenye harusi yangu masufuria ya pilau alisimamia yeye. Na kina mama wanasema hawaingii tena nyuma ya kanga. Viongozi wenzangu wameamua Mama Anna atolewe Jumamosi, na katibu ndiye wa kuandika barua. Katibu ni mimi.

Jana alikuja nyumbani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akakataa kiti. "Mwanangu, sikuja kukuomba unitetee," alisema. "Barua andika. Ila uandike na hili, kwamba nilipoulizwa nilikataa. Wanangu wakija kuisoma waone mama yao alikataa."

Mume wangu alikuwa amekaa kizingitini. Aliinuka akaingia ndani. Mama Anna alipoondoka akaniambia kwa sauti ndogo, "Mke wangu, wiki mbili tu watu watasahau." Kwa mara ya kwanza tangu anioe nilishindwa kumtazama.

Nikisema kweli, mume wangu ataitwa mwongo na mmbea mbele ya kijiji kizima, nami nitaonekana nilivyo, mtu aliyeapa kwa Msahafu akachungulia. Naogopa raha hii ya ndani haitarudi ilivyokuwa. Nisiposema, nitamfukuza kwa mwandiko wangu mama wa watu asiye na kosa, na rafiki yangu ataendelea kukaa kwao akinishukuru mimi.

Karatasi iko mezani, nimeandika tarehe tu. Jumamosi ni keshokutwa. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini nifanye nini, na nianze kwa nani kati ya hawa watatu: mume wangu, Mama Anna, au Mwanahamisi? Hata mkinitukana nitasoma.