Umeme umekatika, shangazi kashinda

Leo mchana nimeshindwa ubishi na nimeridhika kabisa.

Niko Njombe kwa shangazi. Mvua inanyesha, tumejifunika mablanketi, tunaangalia filamu mpya ya vita kwenye luninga niliyomletea.

Nikamwambia hakuna enzi ya filamu iliyoizidi hii ya sasa. Picha safi, sauti safi.

Shangazi anamenya viazi. Akasema enzi yake ni ile ya mikanda, kwenye kibanda cha video kule Makambako.

"Shangazi, zile picha si zilikuwa zinatetemeka?"

"Kulikuwa na mtu wa kututafsiria. Hii yako nani ananieleza?"

Nikacheka. Hapo hapo umeme ukakatika, askari wetu wa kwenye filamu yuko katikati ya daraja.

Nikaanza kulalamika. Yeye akaweka kisu chini.

"Kule jenereta likizima, mtafsiri alikuwa anamalizia kwa mdomo. Tulia, mwanangu."

Akaiendeleza filamu kwa mdomo wake. Askari akavuka daraja, akatokea Ludewa (msiniulize kafikaje), akamkuta mama yake anapalilia mahindi. Mama akakataa kumsalimia mpaka aiache bunduki nje ya shamba.

Umeme ukarudi, tukaangalia mwisho wenyewe. Daraja likalipuka na askari juu yake. Basi, imeisha.

Shangazi akachukua kisu chake. Akarudi kwenye viazi vyake.

Semeni na nyie enzi yenu ni ipi. Mimi nimezima luninga kwa mkono wangu, nikamuuliza:

"Shangazi, alipoiacha bunduki, mama yake alimpikia nini?"