Gari la Umeme Lililonifuata Kimyakimya

Leo mchana gari lisilo na dereva limenifuata hadi ukutani.

Mimi ni mlinzi wa maegesho ya chini kwenye hoteli fulani hapa Al Sadd, Doha. Kuna wahandisi wameleta gari jipya la umeme, wanalijaribu kwenye hili joto, na huwa wanaliegesha kwetu.

Nilikuwa nimelipa mgongo, naongea na mama kwa simu. Mwenzangu Wafula akanivuta mkono kwa nguvu.

"Toka hapo, bro."

Gari likapita bila sauti yoyote, likagusa ukuta pale pale nilipokuwa nimesimama. Ndani hakuna mtu. Na sakafu yetu ni tambarare, jamani.

Tukamwita mhandisi. Akachungulia chini ya gari.

"Haliwezi kutembea," akasema. "Betri tuliitoa asubuhi."

Kesho niko zamu peke yangu. Wewe ungeenda?