Mwanamke wa Sura ya Sita

Nilikisikia kicheko kabla sijaliona darasa. Kilitoka mwisho wa ukumbi mrefu wa chuo kimoja pale Kanduyi, mjini Bungoma, kikapita juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki, kikanifikia nikiwa bado natafuta mlango. Kilikuwa kile kicheko kinachoanza kwa mtu mmoja na kuwashika wengine wasiojua hata wanacheka nini. Nilisimama nikasikiliza. Niliijua sura waliyokuwa wakiisoma asubuhi ile, na nilijua ni mfano wangu uliowachekesha. Nikafurahi. Nitaliandika bila kuliremba: nilisimama nje ya darasa la mwaka wa kwanza, Bungoma, nikafurahi.

Kitabu chenyewe hakikuwa changu. Kilikuwa kitabu cha sosholojia cha wanaoanza chuo, kilichoandikwa kwa Kiingereza na wahadhiri wa nchi ya mbali, wakakiweka mtandaoni bure. Leseni yake niliisoma mara ya kwanza kama barua ya mapenzi: yeyote anaruhusiwa kukipakua, kukichapisha, kukibadilisha na kukigawa, mradi awataje waliokiandika. Mimi nilisoma chuo kwa kitabu kimoja kilichofungiwa kabatini mwa maktaba, darasa zima likikipangia foleni, na zamu yangu ilipofika, kurasa nilizozitaka zilikuwa zimekatwa kwa wembe. Kwa hiyo chuo kimoja cha Kitale kiliponiita kusaidia kukifanya kitabu hicho kiwe cha kwetu, sikuuliza mengi. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imetoka, ikasifiwa na waandishi wenzangu na kusomwa na watu wachache. Hapa palikuwa na wasomaji wasioweza kukataa kusoma.

Mratibu wa mradi, mhadhiri mpole asiyepandisha sauti, alinieleza kazi kwa maneno manne: toa theluji, weka mahindi. Nadharia nisiziguse. Nibadilishe mifano tu, ili mwanafunzi wa huku asisome kuhusu jamii kama mtu anayechungulia dirisha la jirani tajiri. Nilikaa chumbani mwangu mtaani Matisi, Kitale, miezi kadhaa nikiwaondoa watu wa kitabu mmoja mmoja. Aliyekuwa akizoa theluji kwa koleo nikamfanya apange magunia kwenye foleni ya ghala. Waliogombana kwenye gari moshi nikawapeleka barazani kwa chifu. Ilikuwa kazi tamu. Nilijiona kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba iliyofungwa siku nyingi.

Sura ya sita ilihusu kusoma na heshima ya mtu. Mfano wa waandishi wenyewe ulikuwa wa mzee anayebeba gazeti kila asubuhi ili abiria wenzake wasijue kwamba hajui kusoma. Nilimtazama mzee yule muda mrefu. Kisha nikamtoa, nikamweka shangazi yangu.

Huyu ni dada ya baba, senge kwa lugha yetu. Alinilea kijijini Bumula baada ya mama kufariki. Kanisani kwake ndiye aliyekuwa msomaji wa kina mama. Kila Alhamisi alasiri alisimama mbele yao, Biblia mikononi, akasoma kwa sauti ambayo hata leo sijaisikia kwa mtu aliyeenda shule: hakimbii, hajikwai, anajua neno lipi liachwe lipumue. Kila Jumatano baada ya chai aliniita nimsomee sehemu ya kesho yake, mara mbili. Alisema anataka kuona kama walimu wangu wanafanya kazi au wanakaa tu.

Nilikuwa na miaka kumi nilipogundua. Jumatano moja nilikuwa na homa, nikaruka mistari miwili bila kujua. Alhamisi, kwa kuwa ilikuwa likizo, nilikuwa nimekaa nyuma kanisani nikimfuata kwa kidole kwenye Biblia yangu ya shule. Shangazi, macho yakiwa kwenye ukurasa, aliiruka mistari ile ile miwili. Kidole changu kikasimama. Akaniona. Hakubabaika, alisoma hadi mwisho.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani alitembea mbele yangu hadi tukauvuka mto. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Sasa ni wewe peke yako unayejua. Nitunzie." Nikasema nitamtunzia.

Nilimtunzia miaka mingi, hata baada ya mtoto wa jirani kuichukua zamu yangu ya Jumatano. Hata nilipomwandika nilijiambia bado namtunzia. Nilimhamisha kutoka Bumula, nikampa watoto ambao hakuwazaa, nikambadilishia kanisa, nikambandika jina la kubuni. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa vile vilivyokuwa vizuri. Miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa kijani upande wa sikio la kushoto, hiyo niliiacha. Kidole gumba anachokilamba kabla ya kufunua ukurasa, akiufunua mahali penyewe kabisa kwa sababu amehesabu pumzi za mtoto aliyemsomea, nacho nilikiacha. Na ile mistari miwili. Ningewezaje kuitoa? Mwandishi hupewa kitu kama kile mara moja maishani. Mwishoni nikaweka maswali ya majadiliano, kama kila sura ilivyokuwa nayo.

Hapo Kanduyi, nilipoingia darasani hatimaye, kijana mmoja alikuwa amesimama mbele akimwigiza. Alikuwa ameshika daftari juu chini, analamba kidole gumba na kuinua nyusi kama padri. Mhadhiri wao alinitambulisha, wakanipigia makofi. Alisema tangu aanze kufundisha sosholojia hajapata kuona darasa likijadili hivyo. Msichana mmoja tu, karibu na dirisha, hakuwa akicheka. Alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kuuliza jambo.

Alinifuata nje.

"Madam, huyo mama wa miwani ya uzi. Si ni wa kwetu Bumula?"

Nikamwambia ni wa kubuni.

"Ati wa kubuni," akasema, akicheka kidogo kwa adabu. "Huyo si ndiye hutusomea Alhamisi. Mimi hata nishamtumia mathe picha ya hiyo page."

Hakuwa na ubaya wowote. Alisema kama mtu aliyemwona jirani yake kwenye televisheni na kukimbia kuita watu waje waone.

Alasiri hiyo hiyo nilikuwa Kitale, ofisini kwa mratibu. Nilimwomba autoe mfano ule, naye hakuniuliza maswali. Aliufungua ukurasa wa mradi na kuuondoa mfano wangu huku nikitazama, akamrudisha mzee wa gazeti, akaweka toleo jipya mtandaoni. Ilichukua muda mfupi kuliko chai kupoa. Nikamwuliza kuhusu nakala zilizokwisha kuchukuliwa. Akavua miwani akayafuta macho.

"Dada, hizo haziwezekani. Leseni hairudishwi ikishatolewa. Aliyekichukua juzi amekichukua kwa haki, na ana haki ya kumpa mwingine, na huyo mwingine naye hivyo hivyo. Si hicho ndicho ulichokipenda?"

Hakusema kwa kejeli. Aliniambia kwamba vyuo vingine viwili vilikuwa vimekwisha kukichapisha, na kimoja kilikuwa kimeandika kuusifu mfano ule ule. Kisha, akidhani ananiliwaza, akaongeza kwamba popote ukurasa ule utakapofika, jina langu litakuwepo. Sharti la leseni ni hilo moja tu, kwamba mwandishi lazima atajwe.

Nilipaswa kwenda Bumula kesho yake. Sikwenda. Kwa wiki tatu nilimpigia shangazi simu, tukazungumza mvua, tukazungumza viwavi waliovamia mahindi, na kila tulipomaliza mahindi mmoja wetu alisema salio linaisha. Nilimsikiliza kwa makini nikitafuta dalili. Sauti yake haikuwa imebadilika. Nilichagua kuamini kwamba mama ya yule msichana ni mtu wa kunyamaza.

Shangazi alifika Matisi Jumamosi asubuhi bila kuniambia. Siku zote huja amebeba kitu, kuku au ndizi za kuiva, hata majani ya kunde yaliyofungwa kwa kitambaa. Safari hii alikuwa na mkoba tu. Nilimkaribisha chai akasema amekunywa. Akachagua kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na mlango, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja. Ilikuwa fotokopi ya picha ya ukurasa, imefifia pembeni, ikionyesha kivuli cha kidole cha aliyeipiga.

Aliniambia mambo kwa mpangilio, kwa lugha yetu, bila haraka. Alhamisi ya tatu kurudi nyuma, mwenyekiti wa kina mama alimwekea Biblia ikiwa imefunguliwa mahali pengine, si pale palipotangazwa, akamwomba aanzie hapo. Kanisa zima likasubiri. Yeye akaifunga Biblia, akasema macho yanamuuma. Nyuma mtu akacheka. Alhamisi iliyofuata akasoma mtoto wa kidato cha pili badala yake, na tangu siku hiyo hajarudi.

Nilianza kumwomba msamaha. Akaniacha niseme yote, nilie yote, kama anavyomwacha mtoto achoke mwenyewe. Nilipomaliza akanipa ile karatasi.

"Nimesikia," akasema. "Sasa nisomee. Bumula yote imesoma isipokuwa mimi."

Kwa kuwa kilikuwa Kiingereza, ilinibidi nikigeuze kwa lugha yetu kadiri nilivyosoma. Hapo ndipo nilipokiona nilichokiandika. Maneno yaliyokuwa yamevaa suti kwenye ukurasa yalitoka mdomoni mwangu yakiwa uchi. Palipoandikwa kwamba mhusika ametumia mkakati wa kulinda hadhi yake, sikupata namna ya kusema isipokuwa, anaficha ili wasimdharau. Shangazi alitikisa kichwa, endelea. Nilipofika kwenye miwani alinisimamisha.

"Uzi wa kijani umeandika?"

"Ndiyo, senge."

"Hm. Kweli ni kijani."

Nikasoma ile mistari miwili. Nikasoma hadi mfano ulipoishia, nikashusha karatasi, nikamwambia ni hayo tu.

"Na maswali? Nimeambiwa kuna maswali."

Nikamsomea. La kwanza: je, mwanamke huyu anawadanganya wenzake? La pili: ikiwa atagundulika, ni nani katika jamii yake atakayepoteza, na ni nani atakayefaidika? Jadilini katika vikundi.

Alikaa muda akiyafikiria, kwa kweli akiyafikiria, kama mwanafunzi anayetaka kupita mtihani. Nje jirani yangu alikuwa akipiga pasi huku redio ikisoma matangazo ya vifo.

"Hilo la kwanza," akasema, "wewe ulijibu nini?"

Nilimweleza kwamba mwishoni mwa kitabu kuna sehemu ya wahadhiri yenye majibu, na kwamba majibu hayo pia niliyaandika mimi. Akaniuliza linasemaje. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kumtungia jibu zuri hapo hapo, kazi yangu ndiyo hiyo, na asingekuwa na njia ya kujua.

"Linasema jibu lolote likubaliwe, mradi mwanafunzi atoe sababu."

Alilirudia polepole, kila neno mahali pake. "Jibu lolote likubaliwe, mradi atoe sababu." Halafu akalirudia tena, mara ya pili, na nikajua amekwisha kulihifadhi, hatalisahau mpaka afe.

"Wale watoto wa Kanduyi hawanijui," akasema. "Wacha wajadili. Lakini wewe, mama, wewe ulipaswa kujibu."

Akaichukua karatasi mikononi mwangu, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Nikasimama nivae viatu nimsindikize hadi stendi. Akasema njia anaijua. Akajifunga leso vizuri kiunoni, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake hadi komeo likaingia.