Nyota Kubwa na Maharage Yangu

Leo nimeshinda jiko banifu, lile linalokula kuni kidogo, tazameni picha! Bahati inanipenda kuliko mke wangu.

Kwenye mafunzo ya mazingira hapa Murungu kila mmoja alipewa kuni kiasi sawa, tuchemshe maharage huku mwalimu akisimulia ulimwengu ulivyoanza. Wa kwanza kuivisha anachukua jiko. Mke wangu, Mama Neema, anafuata kuni mbali, nikamwahidi narudi nalo.

Nikasukuma kuni zote kwa mpigo. Moto ukanguruma, watu wakashangilia!

Mwalimu akasema, "Nyota kubwa huwaka kwa fujo, hufa mapema."

Jirani yangu Bi Zuhura, anayechochea kijiti kimoja kimoja, akacheka: "Baba Neema, unatajwa!"

Simulizi ya mwalimu ilipofika pale jua linapozaliwa, kuni zangu kwisha. Maharage bado mawe.

Jamani, nyumbani naingiaje?

Haya, nilidanganya: aliyeivisha kwanza ni Bi Zuhura, na jiko la pichani ni lake. Nimembebea tu.