Chupa ya Mzee

Mama wa Mofu alianza kutuletea juisi ya limau mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijaanza, wakati joto la Ifakara linapomfanya mtu aone hata nguo aliyovaa ni mzigo. Alikuwa mjane wa makamo aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulimwita hivyo kwa sababu alitoka kijiji cha Mofu, na hakuwahi kutuambia mengi zaidi ya hilo. Mimi nilikuwa nimerudi kwa baba baada ya mama kufariki. Niliweka cherehani yangu barazani, na fundi cherehani mikono yake inashona lakini masikio na macho yanabaki huru.

Alikuja kila siku saa saba mchana. Mkono mmoja alibeba jagi la plastiki lililofunikwa kitambaa, mkono mwingine chupa ya lita moja iliyoviringishwa kitambaa kibichi isipate joto. Jagi aliliweka mezani akasema ni letu sote. Chupa alimkabidhi baba mkononi.

"Hii ya mzee," alisema, kila siku maneno hayohayo.

Juisi yenyewe ilikuwa nzuri, sitadanganya. Wateja wangu walianza kuja kupima nguo saa saba ili waikute. Lakini baada ya wiki mbili nikaanza kujiuliza kwa nini mtu atengeneze juisi moja kisha aigawe kwenye vyombo viwili. Baba hakugusa jagi hata siku moja. Nikimmiminia glasi, alisema yake inamtosha. Na ile chupa hakuiacha mezani. Aliiweka chini ya kiti chake, katikati ya miguu, kama mtu anayelinda kuku.

Aliyelitamka neno lenyewe ni jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa ananiletea sare za watoto nishone. Alimtazama baba akivuka uwanja kwenda kuoga, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sioni mzee anavyokonda. Nikamwambia ni joto, na ni upweke. Akakata uzi kwa meno, akasema joto halikondeshi mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wawili.

"Mwenzangu, hilo ni limbwata," alisema. "Ananyweshwa."

Nilicheka. Alipoondoka sikucheka tena. Limbwata ni dawa ambayo mwanamke, watu husema, humtilia mwanaume katika chakula au kinywaji ili asione mwingine wala asisikie la mtu. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne na nilikuwa nikijiambia siamini mambo hayo. Lakini tangu siku ile nikawa namtazama baba kwa macho mengine, na kila nilichokiona kilikaa mahali pake.

Suruali zake nilikuwa nimezipunguza kiuno mara mbili. Alikuwa na kiu isiyoisha, akimaliza chupa anaifuata ndoo ya maji ya kunywa. Alisahau mambo. Alilalamika nyayo zinamwaka moto, akavua ndala na kukanyaga sakafu ya saruji asubuhi nzima. Bafuni, pale ukutani anapojisaidia haja ndogo, sisimizi walijaa mistari kwa mistari. Nilimwaga majivu, kesho yake wakarudi. Na kila asubuhi, kabla hata sijachemsha chai, alitoka akisema ananyoosha miguu. Miguu hiyo ilinyooka mpaka nyumba ya tatu tu, ikarudi, naye akawa anajifuta mdomo kwa kiganja.

Nikaamua kumwomba mama wa Mofu anifundishe kutengeneza juisi. Nilidhani atakwepa. Badala yake aliniambia, "Karibu, mwanangu, njoo Jumamosi," na ule wepesi wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Mtu mwenye cha kuficha, niliwaza, hujiandaa mapema.

Jumamosi nilimkuta uani kwake na kikapu cha malimau yaliyotoka Kiberege, ya manjano, yenye ganda jembamba. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilikaa mahali ninapoona mikono yake yote miwili. Alikuwa ameshachemsha maji tangu asubuhi, yamepoa. Aliyaosha malimau, kisha akayabingirisha moja moja juu ya ubao, akiyakandamiza kwa kiganja mpaka yakalegea. Akaniambia limau lisipolegezwa linabania maji yake. Aliyakata, akakamua juu ya chujio, na akanionya nisikamue mpaka ganda lilie, maana uchungu uko kwenye ganda. Kwenye sufuria nyingine alichemsha sukari na maji na tangawizi iliyopondwa, akakoroga mpaka ikawa nzito kidogo.

Nilihesabu kila kilichoingia. Limau, maji, sukari, tangawizi, chumvi kidogo sana ya kidole. Hakuna nisichokijua. Ndipo, kabla ya kumimina ule mchanganyiko wa sukari, akaniomba niende dukani kuchukua barafu.

Nilikwenda nikikimbia. Niliporudi na mifuko miwili ya barafu, jagi lilikuwa tayari limeshakorogwa, na chupa ya mzee ilikuwa imefungwa kizibo na kuviringishwa kitambaa. Nikauliza mbona hakunisubiri nione. Akasema barafu huwa inayeyuka haraka, ilibidi ikute juisi iko tayari. Hakunitazama alipolisema hilo. Akaanza kufagia maganda.

Siku hiyohiyo, baba alipokwenda kuoga, nilichukua ile chupa chini ya kiti, nikafungua, nikanywa funda moja.

Ilikuwa chachu mpaka taya zikauma. Hakukuwa na utamu hata wa kuazima, na nyuma ya uchachu kulikuwa na ladha ya majani. Leo najua ilikuwa mchaichai. Siku ile sikutaka kujua. Nilichojua ni kwamba juisi tuliyokunywa sisi wengine ilikuwa tamu, na ya baba ilikuwa kama dawa. Niliimwaga chupa yote kwenye shina la mgomba. Nikaingia jikoni, nikakamua malimau yangu mwenyewe kama nilivyofundishwa, nikatia sukari kwa mkono wa mtu anayeokoa roho, nikajaza chupa, nikairudishia kitambaa chake.

Baba alitoka kuoga, akakaa, akanywa. Nilikuwa nimeinamia cherehani lakini sikuwa nashona. Alimeza funda la kwanza. Aliitazama chupa. Kisha akanywa tena, polepole, mpaka nusu, akafunga kizibo na kufuta mdomo. Hakusema kitu, na mimi nikauchukulia ukimya ule kama ushahidi kwamba amelogwa kweli: mtu mzima anabadilishiwa kinywaji na hajui.

Nilifanya hivyo siku nne mfululizo.

Siku ya tano, kama saa nne asubuhi, baba aliinuka kitini kumsalimu mtu aliyepita njiani, akarudi chini, lakini si kwenye kiti. Alikaa sakafuni. Nilipomfikia midomo yake ilikuwa imekauka kabisa, maneno yanatoka yameshikana. Nilipiga kelele, na wa kwanza kufika alikuwa yeye, mama wa Mofu, kichwa wazi, mikono ina unga. Tulimpakia baba kwenye bajaji. Nilimwambia yule mama ashuke, kwamba hili ni la familia. Alikaa, akakilaza kichwa cha baba mapajani mwake, na bajaji ikaondoka. Njia nzima nilimtazama usoni nikitafuta hatia. Nilichokiona ni woga, na nikajiambia hata wenye hatia huogopa.

Hospitali, nesi alimchoma baba kidole, akakitazama kipimo, akamwita mwenzake. Kisha akageuka akaniuliza mzee ana sukari tangu lini.

"Hana," nilisema.

"Tangu mwezi wa nane," alisema mama wa Mofu nyuma yangu.

Nesi akauliza kama anameza vidonge. Mama wa Mofu akasema anameza, kila asubuhi, yeye mwenyewe ndiye anampa, vinakaa chumbani kwake. Akaeleza anavyokula, anachoacha, siku zake za kliniki. Alieleza vizuri kama mtu aliyewahi kuuguza. Nesi akasema kama ni hivyo basi haelewi, maana sukari imepanda mno kwa mtu anayejitunza.

"Hata mimi sielewi," alisema. "Hanywi kitu kitamu. Hata limau namkamulia bila sukari."

Nilishika ukingo wa kitanda. Hapo ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini nesi alikuwa na kalamu mkononi, anasubiri kuandika. Nikasema ni mimi. Nikasema nilikuwa namwaga ile chupa na kuweka yangu yenye sukari nyingi, siku nne. Nesi aliuliza kwa nini. Sikuweza kulitamka lile neno mbele yake. Nikasema sikujua.

Mama wa Mofu alilijua neno nisilolisema. Nililiona linamfikia. Alitoka akakaa kwenye benchi la nje, nami baada ya baba kuwekwa dripu nikamfuata, nikasimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Ungeniuliza tu, mwanangu," alisema.

"Ungenijibu?"

Alifikiri. "Hapana," akasema. "Alinikataza."

Aliniambia mumewe alikufa na ugonjwa huohuo, kwa sababu kule kijijini walichelewa kuujua. Kwa hiyo alipomwona baba anakunywa maji vile, na kutembea pekupeku kwenye saruji, alimuuliza kuhusu sisimizi bafuni, maana mkojo wenye sukari huwavuta, kisha akamsindikiza kupima. Nilimsikiliza na kuhesabu. Yote aliyoyaona yeye niliyaona mimi, tena kwa karibu zaidi.

Baba alipata nafuu siku ya tatu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ameifanyia kazi miwa zaidi ya nusu ya maisha yake, kule mashamba ya Kidatu, amekata, amepakia, amesimamia, na wenzake wangecheka kusikia kwamba sukari ndiyo imemrudia. Halafu akasema jambo lililoniuma zaidi: kwamba mama alipokufa nilianza kumtazama kama yai, na aliogopa nikijua hili sitamruhusu hata kuvuka barabara.

"Na juisi yangu," nikamuuliza, "hukuonja kwamba ni tamu?"

"Nilionja."

"Na ukanywa?"

"Nikanywa," alisema. "Siku ya kwanza nilidhani mama wa Mofu amenihurumia. Siku ya pili nilijua ni wewe. Ilikuwa tamu sana, mama. Miezi mitatu nilikuwa sijapata."

Sikujua nimkasirikie au nimkumbatie. Nilimrekebishia shuka.

Siku hizi vidonge viko kwetu, kwenye kopo juu ya kabati, na mimi ndiye ninayevihesabu. Baba anakunywa limau lenye mchaichai na chumvi, na mimi nakunywa hilohilo, ingawa bado sijalizoea. Nikienda sokoni huwa nachungulia mifuko ya shati lake kabla ya kutoka, natafuta karatasi za peremende. Nimewahi kuzikuta mara mbili. Anajua natafuta, na nadhani anazificha kwingine.

Mama wa Mofu anakuja bado, ingawa si kila siku. Nilimwomba msamaha, akasema yameisha. Anaketi barazani, anamwuliza baba habari za miguu, ananiuliza habari za wateja. Huwa namtengea glasi, kama adabu inavyotaka, na huwa ananishukuru. Mara ananiambia ametoka kunywa sasa hivi, mara tumbo haliko sawa. Juzi jua lilikuwa kali na alikuwa ametembea kutoka stendi na mzigo wa mchele kichwani, jasho linamtiririka. Nilimwekea glasi mkononi kabisa, barafu inagonga kioo. Aliishika, akaongea na baba karibu nusu saa. Alipoondoka niliikuta kwenye ukingo wa baraza, imejaa vilevile, barafu imeyeyuka yote.