Vivinjari Viwili vya Bi Pindo

Walimwita Bi Pindo kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ikichakaa. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu. Tangu dada yake mkubwa amfuate mumewe mji wa mbali, chumba kile kilimpwaya. Miaka mingi walikuwa wameshona pamoja, mmoja akikata, mwingine akiunga, midomo ikienda kasi kuliko sindano. Sasa ilibaki simu, na simu na cherehani haviivi chungu kimoja: mkono mmoja ukishika kitambaa na mwingine simu, mshono unakwenda upogo.

Ndipo mkwe wake, fundi wa kompyuta, alipomletea kompyuta ya kuwekea mitindo ya nguo.

"Mama, humu nimekuwekea vivinjari viwili," alisema. "Vyote vinakufungulia mtandao. Hiki ni kitupu, kila kitu utakitafuta mwenyewe. Hiki kingine kimeunganishwa na mitandao yako ya kijamii. Wewe unaangalia magauni, huku pembeni unaona picha za wateja, salamu, na dada yako akiwa hewani."

"Dada ataonekana muda wote?"

"Akiandika tu, maneno yanatokea. Ila yanatokea bila kubisha hodi."

"Dada yangu hajawahi kunibishia hodi maisha yake yote. Nipe hicho."

Hakujuta. Asubuhi alifungua kompyuta kabla ya dirisha. Alikanyaga cherehani, akitupa jicho pembeni, akacheka peke yake mpaka wapita njia wakachungulia. Wateja nao walimtumia picha, akawajibu papo hapo. Dada alitaka kujua kila kitu: nani kanenepa, nani kabadili rangi, nani kachumbiwa. Ilikuwa kama amerudi kwenye kiti chake.

Wakati huo alikuwa akishona gauni la bibi harusi mmoja, binti mpole asiyefungua kinywa. Mwenye kinywa alikuwa mama yake. Leo mikono iwe mirefu, kesho mifupi, keshokutwa iwe ya wavu. Bi Pindo na dada yake walimpachika jina, Mama Mikono, wakaliweka baina yao.

Siku moja mama huyo alikuja peke yake, akataka kuona mitindo mipya. Bi Pindo alimgeuzia kompyuta, naye akavaa miwani na kusogea karibu. Pembeni pakachomoza maneno ya dada: "Mama Mikono keshafika? Leo anataka ipi? Mkumbushe anayeolewa ni binti yake, si yeye."

Yule mama aliyasoma taratibu, midomo ikitikisika.

"Mama Mikono ni nani?"

Uongo ulimjia Bi Pindo mpaka ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Ni wewe, mama. Jina tumelitunga sisi, mimi na dada yangu. Nisamehe."

Mama alivua miwani, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Jioni mkwe alipopita, alimkuta amefunika cherehani mapema.

"Nikiondoe hicho kivinjari?" aliuliza.

"Hakuna namna ya kuyazuia maneno yasitokee mteja akiwepo?"

"Ipo. Lakini lazima ukumbuke kuyazima kila mara."

Bi Pindo alijijua. "Basi mteja akija nitamfungulia kile kitupu. Hiki kibaki changu na dada. Kosa halikuwa la kivinjari, mwanangu. Jina tulilipika wenyewe."

Siku zilipita, gauni likabaki limening'inia. Kisha binti akaja mwenyewe kulijaribu.

"Nataka mikono mifupi," alisema. "Mama alituambia yale aliyoyasoma huku. Akaniuliza kama ni kweli gauni analichagua yeye. Nikamwambia ni kweli. Kabla ya hapo sikuwahi kuthubutu."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwenye gari. Anasema hashuki."

Bi Pindo alitoka akiwa na futi ya kupimia shingoni. Mama alishusha kioo kidogo tu.

"Lile jina mliache," alisema.

"Tumeliacha, mama."

"Na huyo dada yako mwambie ujumbe wake ulinifika."

"Nitamwambia. Njoo umwone mwanao."

Mama alipandisha kioo cha gari. Kisha akafungua mlango. Aliketi karibu na kioo, mkoba mapajani, akamtazama binti yake akigeuka huku na huku. Juu ya mikono hakusema neno, ingawa ilionekana wazi kwamba neno analo.

Walipoondoka, Bi Pindo alimpigia dada yake simu. Habari ile ilikuwa ndefu mno kuiandika.